Kipimo cha akili kilipofika Brussels

Alfred Binet na Théodore Simon walipotoa kipimo chao cha akili mjini Paris mwaka 1905, walitaka kutambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Basi. Waliokuja baadaye ndio waliokigeuza kuwa hukumu ya maisha.

Brussels ilikijaribu mapema. Daktari Ovide Decroly, aliyekuwa akilea na kufundisha watoto wenye ulemavu wa akili tangu 1901, alishirikiana na Julia Degand kuwapima pia watoto wa kawaida, wanafunzi wa shule moja ya binafsi mjini humo. Maswali yenyewe yalikuwa ya aina hii: taja sarafu hizi, eleza unachokiona pichani, kipepeo na inzi wana tofauti gani? Matokeo yalichapishwa mwaka 1910. Watoto wa Brussels waliwapita wa Paris kwa wastani wa kama mwaka mmoja na nusu.

Je, Wabelgiji wamezaliwa na akili zaidi? Hata kidogo. Binet alikuwa amewapima watoto wa mitaa ya walalahoi. Wale wa Decroly walitoka kwa wasomi na wenye nafasi, nyumba ambazo mtoto huulizwa maswali mezani kila siku. Binet mwenyewe alilikubali hilo mwaka 1911, mwaka aliofariki.

Somo hilo lilipaswa kutosha. Lakini katika miaka ya 1950 André Ombredane, profesa wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, aliwapelekea Waasalampasu wa Kasai, Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji, jaribio la Raven: mchoro wa rangi uliokatwa kipande, na vipande sita chini yake, chagua kinachofaa. Halina herufi hata moja, kwa hiyo wengi waliliona halina upendeleo. Ombredane na wenzake wakawapima watu walewale tena. Alama zikapanda, kama walivyoripoti mwaka 1956. Hakuna aliyewaongezea ubongo katikati; walikuwa wameizoea karatasi tu. Kwa hiyo alama za mara ya kwanza zilipima ugeni pamoja na akili, na hakuna awezaye kuvitenganisha.

Heshima kwa Ombredane kwa kurudia. Watawala wa Ubelgiji, kwa upande wao, hawakuwa na haraka ya kuwapa Wakongo nafasi ya kuzoea masomo ya juu. Mwaka 1954, kitabu cha Ombredane kuhusu fikra za Wakongo kilipochapishwa Brussels, ndipo Lovanium, chuo kikuu cha kwanza cha Kongo, kilipopokea wanafunzi wake wa mwanzo, baada ya zaidi ya miaka arobaini ya utawala wa Ubelgiji.