Kigamboni: Mji Uliochorwa Mara Nyingi



Kwa kawaida sisi wa kamati ya fedha hupewa kurasa chache za kijitabu hiki ili tueleze pesa zenu zilivyotumika. Safari hii hesabu zimewekwa ukurasa wa nyuma, zimekaguliwa, na kila mwenye swali atajibiwa mkutanoni. Kurasa hizi tumeomba tuzitumie kueleza historia ya ramani za kwetu, kwa sababu mchango tunaouomba mwaka huu si wa bati wala saruji. Ni mchango wa kupanga na kupima ardhi. Wengi mmetuuliza, na mna haki ya kuuliza: tukichangia upimaji, mtatuonyesha nini? Bati linaonekana kutoka barabarani. Jiwe la mpaka linazikwa ardhini na nyasi zinaota juu yake.

Jibu letu liko katika historia yenyewe.

Ng'ambo ya maji

Watu wamekaa upande wetu wa maji tangu kabla Dar es Salaam haijawa mji. Mbwamaji ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti na makaburi yake wakati ng'ambo ya pili kulikuwa na kijiji cha Mzizima. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji wake kandokando ya bandari, na mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu huko kutoka Bagamoyo. Tangu hapo mji ukawa upande ule, nasi tukawa watu wa ng'ambo.

Mwaka huohuo wa 1891 Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika maeneo, kila eneo na aina ya nyumba zake. Waingereza nao walipata mpango wao mwaka 1949, uliochorwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb. Baada ya Uhuru ukaja Mpango Kabambe wa 1968, kisha wa 1979, yote miwili ikiandaliwa na makampuni ya Kanada. Katika miaka yote hiyo mji ulikua kwa kufuata barabara zake kubwa: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Mtu wa Kimara alipanda basi. Mtu wa Kigamboni alingoja pantoni.

Hatukuwa watupu. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961 na kikafundisha viongozi wengi wa nchi hii. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilijengwa kwetu miaka ya 1960. Mbwamaji ikawa kijiji cha Ujamaa cha Gezaulole miaka ya 1970, na jina hilo kwa Kizaramo ni sawa na kusema "jaribu uone". Lakini ukiacha hayo, kwetu kulibaki minazi, mikorosho, mihogo na uvuvi. Ardhi ilikuwa rahisi. Mzee aliyetaka kusomesha mtoto alikata kipande cha shamba akauza, na mipaka ilikuwa mnazi, kisiki au ukoo wa jirani.

Mpango wa 1979 ulitengenezwa kwa miaka 20. Kwa hiyo uliisha muda wake mwaka 1999, na jiji likakaa muda mrefu bila mpango mwingine, hadi ulipokuja wa 2016 hadi 2036. Wenye kushika vitabu tunaijua hali hiyo: ni kama kampuni kufanya biashara miaka 17 bila bajeti. Fedha haziachi kutumika kwa sababu bajeti haipo. Zinatumika bila mtu kuamua. Na ardhi yetu nyingi iliuzwa na kujengwa katika miaka hiyohiyo.

Somo la Viwanja 20,000

Katikati ya kipindi hicho lilifanyika jambo moja jema ambalo tunaliona kwa macho hadi leo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilianzisha Mradi wa Viwanja 20,000 hapa Dar es Salaam, na upande wetu ukagusa Kibada, Kisota, Mwongozo na Gezaulole. Ardhi ilitwaliwa, ikachorwa, ikapimwa, kisha ikauzwa kwa viwanja, na pesa za mauzo zikarudisha gharama.

Hatusemi haukuwa na dosari. Wapo wenyeji waliolalamikia fidia, na wapo waliopata pesa wakaenda kununua mbali zaidi mahali pasipopimwa, wakaanza upya. Lakini tembea leo Kibada ya viwanja, kisha uingie mtaa wa pembeni yake uliokua wenyewe. Kwanza utapita barabara ambazo lori la taka na gari la zimamoto linaingia. Kisha utafika mahali ambapo bajaji mbili zikikutana, moja inarudi kinyumenyume. Udongo ni uleule na watu ni walewale. Tofauti ni kwamba kule mchoro ulitangulia nyumba, na huku nyumba zilitangulia mchoro.

Mji Mpya wa 2008

Mwaka 2008 tulisikia habari kubwa kuliko zote. Kigamboni ingekuwa mji mpya wa kisasa. Eneo lililotangazwa awali lilikuwa hekta 6,494, katika kata ambazo tayari watu walikuwa wamejaa. Picha za maghorofa zikaonyeshwa. Na pamoja na picha likaja zuio: asiyejenga asijenge, anayejenga asimame, asubiri uthamini.

Wengi wenu mnakumbuka miaka ile kuliko sisi tunavyoweza kuandika. Aliyekuwa amefika kwenye linta aliacha nondo zikapata kutu. Aliyetaka kupangisha vyumba hakuthubutu kuongeza hata choo. Watu walikaa na swali lilelile mwaka hadi mwaka: tunalipwa lini, na tunakwenda wapi? Wakala maalumu wa kuusimamia mji huo ukaundwa, eneo likapanuliwa, mikutano ikafanyika. Mwishowe wakala ukavunjwa na kazi ya kupanga ikarudi mikononi mwa manispaa.

Zuio lile halikuizuia Kigamboni kukua. Lilimzuia mtu mwaminifu. Aliyetii sheria alisimama. Asiyejali alinunua kwa karatasi ya mauziano, akajenga Jumamosi na Jumapili, na leo yumo ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo mpango mkubwa kupita kiasi, usio na fedha wala tarehe, ulituletea ujenzi holela mwingi kuliko tuliokuwa nao. Huu ni upande wa pili wa somo la Kibada. Mchoro peke yake haujengi mji. Unahitaji mwenye kuulipia, mwenye kuusimamia, na wakazi wanaoona nafasi yao ndani yake.

Daraja

Tarehe 19 Aprili 2016 daraja la Kigamboni lilizinduliwa na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Lina urefu wa mita 680 na njia sita za magari, kati ya Kurasini na Vijibweni. NSSF ilibeba asilimia 60 ya gharama na Serikali asilimia 40, ndiyo maana magari yanalipia kuvuka. Kipindi hichohicho Kigamboni ikatengwa na Temeke, ikawa wilaya na manispaa yake yenyewe, yenye kata tisa kuanzia Tungi hadi Pembamnazi.

Kwa miaka mingi tuliamini kwamba tatizo letu ni maji yaliyo kati yetu na mji. Daraja lilipokuja tukaona tatizo la pili. Mashamba yaliyokuwa yakisubiri mnunuzi kwa miaka yakaisha kwa miezi. Sensa ya 2022 ilitukuta tuko watu 317,902. Maduka ya vifaa vya ujenzi, gereji, vituo vya mafuta, mama lishe, saluni, mawakala wa fedha na wauza samaki walijipanga kandokando ya barabara, kwa sababu barabarani ndiko wateja walikopita na hapakuwa na mahali pengine palipotengwa. Kituo cha biashara kimezaliwa kwetu, tupende tusipende. Kinachobaki ni kuamua kama kitakuwa na soko, stendi, mfereji na choo, au kitakuwa foleni ndefu yenye vibanda pande mbili.

Somo letu wenyewe

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Wanaumoja wa zamani mnakumbuka vibanda vya soko tulivyovijenga kwa michango yenu. Vilikuwa ishirini, vya mbao na bati, na siku ya kufungua tulipiga ngoma. Tulichokisahau ni kuuliza mstari wa hifadhi ya barabara unapita wapi. Tulioneshwa mahali na mzee aliyekuwa akilima pale tangu ujana wake, tukaona inatosha. Haikupita miaka mingi tukakuta alama nyekundu ya X kwenye mbao zetu, na hatukuwa na karatasi hata moja ya kwenda nayo kudai chochote. Akina mama waliokuwa wakiuza pale wamerudi kupanga nyanya chini, ukingoni mwa lami, magari yakipita karibu na miguu yao.

Katika vitabu tuliandika vibanda vile kama hasara. Pesa hazikuibwa na hakuna aliyekula. Zilipotea kwa sababu tulianza kujenga kabla ya kupima.

Hesabu ya ekari moja

Wapo wanaosema, eneo bado lipo, mbona haraka? Tufanye hesabu nyepesi. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Kiwanja kinachouzwa sana kwetu ni cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Gawanya: ni viwanja kumi, na zinabaki mita za mraba 47, zisizotosha hata lori kugeuza. Ndiyo maana muuzaji wa ekari moja haachi soko wala uwanja wa mpira. Si mtu mbaya. Kila mita anayoiachia umma inatoka mfukoni mwake, na faida yake inakwenda kwa wote.

Sasa chukua eneo la ekari nne la kutosha soko na stendi ndogo. Leo ni eneo moja la kupimwa. Likishakatwa viwanja, ni kaya 40. Siku manispaa itakapolihitaji, italazimika kulipa fidia ya ardhi, nyumba, mimea na usumbufu, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Halmashauri isiyo na pesa hizo haitalitwaa, na soko halitakuwapo. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu hata ukuta hautawezekana. Patakuwa na nyumba za watu.

Tunachoomba mwaka huu

Mitaa yetu bado ina maeneo ambayo kila mtu anayajua kuwa ya wote: gulio la zamani, uwanja wa mpira, makaburi, na bonde ambalo maji ya masika hulifuata kwenda baharini. Yanajulikana kwa midomo tu. Kila mwaka yanamegwa kidogo, na kila mzee anayefariki anaondoka na mpaka mmoja.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitambua halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, nayo inataka wakazi washirikishwe. Kwa hiyo hatukusudii kujichorea mji wetu pembeni. Tunataka kwenda manispaa tukiwa na kitu mkononi. Fedha za mwaka huu zitatumika kwa mambo manne:

Kwanza, mikutano ya mitaa ili majirani wote wa maeneo hayo wakubaliane mipaka na kutia saini mbele ya viongozi wa serikali ya mtaa.

Pili, malipo ya mpanga miji na mpima ardhi waliosajiliwa, ili mchoro upelekwe manispaa na hatua nyingine za idhini zifuatwe.

Tatu, mawe ya mipaka na upandaji wa miti kuyazunguka, kwa sababu mahali palipo wazi bila alama huonekana hapana mwenyewe.

Nne, nakala za nyaraka zote zitunzwe sehemu tatu: ofisi ya mtaa, manispaa na umoja wetu.

Kujenga soko kutafuata baadaye, katika kijitabu cha mwaka mwingine. Hatutaomba shilingi ya tofali kabla karatasi za ardhi hazijakamilika. Hiyo ni ahadi ya kamati, na mtuulize juu yake.

Tuliopo Dodoma, Arusha, Mwanza au ng'ambo ya bahari, tukirudi nyumbani tunashuka darajani na kushangaa jinsi kwetu kulivyobadilika. Kuanzia 1891 wengine walichora na sisi tukangoja. Mara moja mchoro ulifika mapema, ukatusaidia. Mara nyingine ulikuja bila fedha, ukatuumiza. Safari hii eneo ni dogo, gharama inajulikana, na wenye kuamua ni sisi pamoja na halmashauri yetu.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Ardhi ya wote kwetu bado haijaandikwa daftarini. Fomu ya ahadi iko ukurasa unaofuata. Jaza kiasi unachoweza, na ukiweza umkumbushe ndugu yako mmoja.



Kamati ya Fedha