Hodi ya Mpakani

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeifundisha methali hiyo miaka mingi, lakini uzeeni ndipo nilipotambua kuwa sheria ya viza imeigeuza. Serikali humpa mgeni siku zake, mara nyingi 90, na katika siku hizo jembe ndilo analokatazwa kulishika. Viza ya matembezi si kibali cha kazi wala cha makazi. Tena si ahadi ya kuingia. Ni ruhusa ya kufika mlangoni na kupiga hodi; anayesema karibu ni ofisa uhamiaji aliyeko mpakani.

Sisi wa Tarime hatukuufuata mpaka. Mpaka ulitufuata nyumbani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari kutoka mdomo wa Mto Umba, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha unyooke hadi Ziwa Viktoria. Hakuna Mkurya aliyeulizwa. Wakira, Wanyabasi na Wairegi wakajikuta wako pande mbili. Hata hivyo, kwa miaka mingi mstari huo ulikuwa wa kwenye ramani tu. Shangazi yangu aliolewa ng'ambo, karibu na Kehancha, na ng'ombe wa mahari wakavuka kwa fimbo ya mchungaji bila kuulizwa cheti.

Tarehe 4 Februari 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipokwisha kuvunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mwaka huo huo Jumuiya ikafa. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Shangazi alifariki katika miaka hiyo. Habari ilitufikia siku ya nne, kwa mdomo wa mchunga ng'ombe. Wako waliovuka usiku kwa njia za panya. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, mtumishi wa serikali, nikaogopa. Baba alikaa uani akitazama kaskazini. Alikuwa dada yake wa pekee. Hakunituma, wala hakunilaumu.

Leo mambo ni mengine. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini mwaka 1999, na Mtanzania au Mkenya huvuka Sirari bila viza, kwa pasipoti au hati ya muda na muhuri. Mgeni wa mbali ana taratibu zake. Kwa Tanzania wengi hulipa dola 50, na Wamarekani dola 100. Kenya ilifuta viza Januari 2024, ikaweka kibali kinachoombwa kwa mtandao kabla ya safari. Kwa hiyo mtalii anayewafuata nyumbu kutoka Serengeti hadi Maasai Mara huhitaji ruhusa mbili. Na kwa kuwa njia ya Bologonja ilifungwa kwa watalii tangu 1977, yeye huzunguka Sirari, huku nyumbu wakikata mpaka bila kumwuliza mtu.

Mwaka jana kijana wa jirani alinijia na fomu ya viza ya Uingereza, akamtembelee dada yake. Fomu iliuliza mshahara, akiba, familia, na nani atalipia safari. "Mwalimu," akasema, "hawa wanataka kujua nini hasa?"

"Jambo moja tu," nikamjibu. "Utarudi?"

Hilo ndilo swali lililo chini ya maswali yote ya viza. Silichukii. Nyumba isiyo na mlango huingiwa na yeyote. Lakini mlango huwekwa ili ufunguke, na aliyeufunga hajui ni nani anayelia upande wa pili.

Mpaka ulipofunguliwa nilimpeleka baba Kehancha. Alisimama kaburini, akavua kofia, akamsalimu dada yake kwa Kikurya, kisha akamwomba radhi kwa kuchelewa.