Nani Alisema Mawimbi ni ya Wazungu?

Pale Shelly, Likoni, ukisema unatafuta ubao wa kupanda mawimbi, utajibiwa: huo mchezo wa wazungu, bwana. Mimi nakataa. Miaka ya 1830, msafiri Mskoti James Edward Alexander aliwaona wavulana wa Accra wakiogelea na vibao vyepesi chini ya tumbo, wakingoja wimbi, kisha wakirudi nalo hadi ufukweni. Hakuna mtalii aliyewafunza.

Kiangazi cha 1914–15, Duke Kahanamoku wa Hawaii alifika Sydney bila ubao. Akachonga wake kwa msonobari, mrefu na mzito, akaonyesha watu.

Kwa anayeanza, urefu bado ndio siri. Chukua ubao wa futi 8 au 9, mpana na mnene, huo utakubeba. Mfupi utazama nawe tu. Lakini jua kuogelea kwanza, funga kamba mguuni, na waulize wavuvi mwamba uko wapi na maji yanajaa saa ngapi. Anzia kwenye povu, maji ya kiunoni, umelala kifudifudi kama wale wa Accra.

Maji haya tunayavuka kwa feri kila siku kwenda kazini. Kuyachezea pia ni haki yetu.