Shaka na Mashaka: Lugha, Ushahidi na Mjadala wa Makaa ya Mawe Lamu

Utangulizi

Nomino shaka ina wingi wenye maana mbili katika Kiswahili. Mashaka yaweza kuwa hali ya kutokuwa na hakika kuhusu jambo. Yaweza pia kuwa taabu na dhiki zinazompata mtu. Mwenye mashaka na ahadi fulani na mwenye kuishi katika mashaka huelezwa kwa neno moja. Uhusiano huu wa kimaana unafaa kuzingatiwa na anayechunguza mjadala uliozuka nchini Kenya baada ya serikali kutangaza nia ya kujenga kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe katika kaunti ya Lamu. Katika mjadala huo kila upande ulitilia shaka kauli za upande mwingine, ila si kila upande ulikuwa na mashaka ya namna moja.

Maandishi mengi kuhusu upinzani dhidi ya sayansi ya tabianchi yametokana na historia ya Marekani na Ulaya, ambako baadhi ya wanasiasa na wenye viwanda walipinga ushahidi kwamba uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi unaongeza joto duniani. Kuuhamishia Lamu mtazamo huo bila kuupima ni kupotosha. Makala haya yanahoji kwamba mjadala wa Lamu haukuwa kati ya wanaoamini sayansi na wanaoikanusha. Ulikuwa mjadala kuhusu nani ana haki ya kutilia shaka, wakati gani, na kwa lugha ipi. Uamuzi wa kisheria uliofuata mwaka 2019 unaeleweka vizuri zaidi ukisomwa kwa jicho hilo.

Mradi na mazingira yake

Mwaka 2013 serikali mpya ya Kenya ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 za umeme katika muda wa miezi 40. Lengo hilo lilikuwa kubwa mno likilinganishwa na uwezo wa nchi wakati huo, ambao haukufika megawati 2,000. Hadi hapo umeme wa Kenya ulitegemea zaidi maji ya mto Tana, jotoardhi la Olkaria lililoanza kutumika mwaka 1981, na mitambo ya mafuta. Makaa ya mawe yalikuwa yakitumika katika baadhi ya viwanda, lakini hayakuwa chanzo cha umeme wa taifa.

Sehemu iliyoteuliwa ni Kwasasi, kaskazini mwa mji wa Lamu, katika mwambao wa bara unaoelekea Ghuba ya Manda. Zabuni ilitolewa mwaka 2014 kwa muungano wa kampuni uliokuja kujulikana kama Amu Power. Kituo kilikusudiwa kuwa na uwezo wa megawati 1,050 kwa gharama ya takriban dola bilioni 2 za Marekani, na umeme wake ungenunuliwa kwa mkataba wa miaka 25. Makaa yenyewe yangeagizwa kwanza kutoka ng'ambo, kisha yatolewe Kitui uchimbaji utakapoanza.

Mji Mkongwe wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Wakazi wake walikuwa tayari wameonja mradi mwingine mkubwa, yaani bandari mpya ya LAPSSET iliyozinduliwa Machi 2012. Wavuvi walienda mahakamani wakilalamika kwamba uchimbaji wa kina cha bahari na ukataji wa mikoko ulikuwa umeharibu maeneo yao ya uvuvi. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na ikatambua kwamba haki zao za mazingira na za utamaduni zilikuwa zimekiukwa. Kwa hiyo, watu wa Lamu walipotilia shaka ahadi za Kwasasi, walikuwa na historia ya karibu ya kuzipimia ahadi hizo.

Aina mbili za shaka

Waliounga mkono mradi walikuwa na hoja zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba mchango wa Kenya katika hewa ya ukaa duniani ni chini ya asilimia 1, hivyo kituo kimoja kisingeathiri tabianchi ya ulimwengu kwa kiasi kinachoonekana. Ya pili ni kwamba mataifa tajiri yalijengwa kwa makaa ya mawe, na si haki yaikataze Afrika njia waliyoipita wenyewe. Ya tatu ni kwamba wapinzani walikuwa wakifadhiliwa na wageni wasiotaka maendeleo ya Afrika. Juni 2019 balozi wa Marekani nchini, Kyle McCarter, alijiunga na mjadala hadharani kwa kuyatetea makaa ya mawe na kuwashuku wanaharakati.

Hoja hizi hazipaswi kuwekwa katika kapu moja. Mbili za kwanza hazikanushi kwamba hewa ya ukaa huongeza joto. Zinauliza nani abebe mzigo wa kuipunguza. Kiswahili kinasaidia kuonyesha tofauti hiyo. Kukanusha ni kufunga suala: mkanushaji hasubiri jibu. Kutilia shaka ni kuliacha suala wazi na kudai maelezo. Kwa kipimo hicho, hoja ya haki baina ya mataifa ni shaka halali. Hoja ya tatu ni ya namna nyingine, kwa kuwa haidai maelezo yoyote kutoka kwa mpinzani. Inamwondolea sifa ya kusikilizwa.

Udhaifu wa hoja ya mchango mdogo unaonekana ikifuatwa hadi mwisho wake. Ikiwa Kenya haipaswi kubebeshwa gharama kwa sababu mchango wake ni mdogo, basi mvuvi wa Kizingitini au mkulima wa Kwasasi, ambaye mchango wake ni mdogo zaidi, hapaswi kubebeshwa majivu na maji moto ya kituo kwa niaba ya taifa. Kanuni iliyotumiwa kuitetea nchi mbele ya dunia haikutumiwa kumtetea raia mbele ya nchi.

Upande wa pili, shaka la wakazi halikuanzia kwenye nadharia ya tabianchi. Lilianzia baharini. Mwaka wa mvuvi wa Lamu hugawanyika kati ya kaskazi na kusi. Wakati wa kusi bahari kuu huchafuka, na wenye vyombo vidogo hutegemea zaidi maji yaliyokingwa na visiwa, mikoko na miamba. Ni katika maji ya namna hiyo ambamo kituo kingetoa maji yaliyopashwa joto na mitambo. Mtaalamu aliyekadiria athari kwa wastani wa mwaka mzima na mvuvi aliyezihesabu kwa msimu hawakuwa wakijibu swali moja. Shaka la mvuvi halikuwa kukataa ushahidi. Lilikuwa dai kwamba ushahidi haujatimia.

Ni kweli pia kwamba Lamu haikuwa na sauti moja. Wapo waliotarajia ajira, na wapo wenye mashamba Kwasasi waliosubiri fidia. Shirika la Save Lamu, lililokusanya makundi ya wenyeji, halikuwa na kila mkazi nyuma yake. Hata hivyo, waliounga mkono na waliopinga walikuwa na upungufu mmoja: wote walitakiwa kuwa na msimamo kabla ya kuwa na taarifa.

Msamiati wa mjadala

Upungufu huo ulikuwa na sura ya kiisimu. Jina la bidhaa yenyewe ni mfano. Katika Kiswahili cha Kenya makaa, bila kivumishi, ni makaa ya kupikia yatokanayo na miti. Makaa ya mawe ni madini ambayo wengi wa Lamu hawakuwahi kuyaona wala kuyashika. Kirai hicho kinamfanya msikilizaji ayafasiri yasiyojulikana kwa yanayojulikana: kitu cha jikoni, ila kigumu zaidi. Hakimwelezi kuhusu zebaki, salfa wala majivu yanayobaki kwa miaka mingi. Kivumishi safi kilipoongezwa na watetezi wa mradi, utata ulizidi. Safi ya kitaalamu ilimaanisha mitambo inayotoa uchafu mdogo kuliko ya zamani. Safi ya mzungumzaji wa kawaida ni kitu kisicho na uchafu. Kauli iliyokuwa ya ulinganisho ilipokelewa kama kauli kamili.

Mfano wa pili ni istilahi ya suala kuu. Vyombo vya habari nchini Kenya vimetumia sana mabadiliko ya hali ya hewa, huku mabadiliko ya tabianchi yakishika mizizi katika maandishi rasmi, hasa Tanzania. Tofauti si ya mtindo tu. Hali ya hewa ni ya leo na kesho; hubadilika kila siku na hakuna anayeshangaa. Anayesikia kwamba hali ya hewa inabadilika anaweza kujibu, kwa haki kabisa, kwamba imekuwa ikibadilika tangu enzi za mababu. Katika mazungumzo ya kila siku, kuchafua hali ya hewa ni kuvuruga utulivu wa kikao. Tabia, kwa upande wake, ni mwenendo uliozoeleka na kudumu. Kusema kwamba tabia ya nchi imebadilika ni kusema jambo zito zaidi. Istilahi ya kwanza humpa nafasi anayetaka kulipuuza suala, wakati ya pili inamlazimu aeleze ni kwa nini mazoea ya muda mrefu yamevunjika.

Haisemwi hapa kwamba istilahi zilileta mgogoro. Zilichofanya ni kuamua ni maswali gani yaliweza kuulizwa kwa urahisi barazani, na yapi yalibaki ndani ya ripoti.

Sheria na wakati wa kuuliza

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaweka ushiriki wa umma miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na katika kifungu cha 7 inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kanuni za tathmini ya athari za kimazingira za mwaka 2003 zilikuwa tayari zinataka tangazo la mradi litolewe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watakaoathirika. Hata hivyo, kutangaza kwamba ripoti ipo si sawa na kuieleza ripoti. Ripoti ya mradi wa Lamu iliandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mkazi aliyejua Kiswahili pekee angeweza kufahamu kwamba kuna mradi bila kufahamu utafiti ulisema nini.

Septemba 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira ilitoa leseni. Save Lamu na wenzao watano walikata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo, likiongozwa na Mohammed Balala, lilibatilisha leseni hiyo. Lilieleza kwamba mikutano iliyofanyika kabla ya utafiti kukamilika ilikuwa ya utangulizi, na isingeweza kuchukua nafasi ya kuwasilisha matokeo kwa wananchi na kupokea maoni yao. Lilieleza pia kwamba kutozingatiwa kwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 kulikuwa kosa lenye uzito, hata kama ukubwa wa athari haukujulikana kwa hakika.

Jopo halikupiga marufuku makaa ya mawe. Liliacha mlango wazi kwa tathmini mpya. Umuhimu wa uamuzi wake umo katika namna lilivyolichukulia shaka lenyewe. Kwa wenye mradi, kutokuwa na hakika kuhusu athari kulikuwa sababu ya kuendelea. Kwa Jopo, kulikuwa sababu ya kusimama. Kanuni hiyo ya kisheria haikuwa ngeni kwa Waswahili, ambao husema tahadhari kabla ya hatari. Neno zito katika methali hiyo ni kabla. Shaka linalosikilizwa kabla ya uamuzi ni ushauri. Likisikilizwa baada yake huwa malalamiko.

Yaliyofuata yanajulikana. Novemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema haitaufadhili mradi, na mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba benki ya China ya ICBC imejitoa. Oktoba 2025 mahakama ya mazingira na ardhi huko Malindi iliidhinisha uamuzi wa Jopo. Wakati huohuo upepo wa Turkana, wenye uwezo wa megawati 310, ulikuwa umeunganishwa na gridi ya taifa tangu Septemba 2018.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kuwagawa watu kuwa waumini na wakanushaji wa sayansi hakutoshi kueleza mijadala ya nishati katika Afrika Mashariki. Serikali iliyotilia shaka wajibu wake wa kimataifa na mvuvi aliyetilia shaka makadirio ya wataalamu hawakuwa wakifanya jambo moja, ingawa kitenzi ni kimoja. Tofauti yao iko katika gharama. Serikali ingekosea, ingerekebisha mpango. Mvuvi angepuuzwa naye yuko sahihi, shaka lake lingegeuka mashaka kwa maana ya pili ya neno hilo.

Kwa wanaisimu, suala linabaki wazi. Tafsiri peke yake haileti ushiriki; ripoti iliyofasiriwa baada ya leseni kutolewa haimsaidii mtu. Hata hivyo, ushiriki usio na lugha ni mahudhurio tu. Ikiwa Kiswahili ni lugha rasmi, matokeo ya utafiti yanayoamua hatima ya bahari na ardhi ya wazungumzaji wake yanastahili kuandikwa kwa Kiswahili kinachotofautisha hewa na tabianchi, safi na safi zaidi, makaa na makaa ya mawe, na yaandikwe wakati ambapo bado inawezekana kusema hapana.