Njia ya Kupanda Usambara

Katika nchi ya Uswisi, iliyo katikati ya Ulaya, iko desturi ya siku nyingi ambayo yafaa walimu wetu waijue. Kiangazi kikifika, theluji ikiisha kuyeyuka katika njia za milimani, mwalimu huwatoa wanafunzi wake darasani akawaongoza kwa miguu kupanda milima. Kila mtoto huchukua chakula chake na nguo yake ya baridi. Huvuka mito, huwaona wachunga ng'ombe na kengele za ng'ombe wao, kisha hurudi makwao wamechoka nao wamejaa habari.

Mwalimu mmoja wa mji wa Geneva, jina lake Rodolphe Töpffer, alikuwa na shule ya bweni, na likizo ilipofika alisafiri na wanafunzi wake katika milima ya Alps. Aliandika habari za safari zile na kuzichorea picha kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka 1844 zikatoka katika kitabu. Kabla yake alikuwako mwalimu mashuhuri zaidi, Johann Heinrich Pestalozzi, aliyekuwa na shule katika ngome ya Yverdon tangu mwaka 1805 hata mwaka 1825. Wanafunzi wake walipelekwa kwanza katika bonde lililo karibu na mji, wakaambiwa walitazame sana, sehemu moja moja na lote pamoja. Kisha walichimba udongo wakaubeba mpaka shuleni, na juu ya meza wakalifinyanga bonde lile kama walivyoliona. Siku nyingine walipanda juu zaidi, wakaongeza katika kazi yao yale waliyoyaona. Ramani ya karatasi hawakuonyeshwa ila baada ya kuimaliza ile ya udongo.

Jambo hili si geni kwetu kama lionekanavyo. Mwaka ule ule wa 1844, kitabu cha Töpffer kilipotoka, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Yeye hakuwa Mswisi, alikuwa Mjerumani, lakini alisomea kazi yake katika chuo cha Basel, mji wa Uswisi. Na mwenzake Johannes Rebmann alisoma chuo hicho hicho. Tarehe 11 Mei mwaka 1848 Rebmann, akisafiri kwenda Uchaga, aliona kitu cheupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake jina la kitu kile. Kiongozi hakulijua jina, akajibu kwamba ni baridi. Rebmann akafahamu mara moja kwamba ni theluji. Lakini huko London alikuwako mtaalamu wa ramani, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuutia mguu wake barani Afrika, naye alikataa kwa miaka mingi, akisema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Neno moja la kiongozi wa misafara lilikuwa na kweli kuliko vitabu vyote vya bwana yule.

Katika Julai na Agosti ya mwaka huo wa 1848 Krapf naye alisafiri mpaka Vuga, mji mkuu wa Usambara, akapokewa na Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene, mfalme ambaye amri yake ilisikika tangu milimani hata miji ya pwani. Mwaka 1852 alikwenda tena. Baada yake, mwezi wa Februari mwaka 1857, walifika Burton na Speke kutoka Pangani, wakamkuta Kimweri mzee, mgonjwa. Wageni waliokuja nyuma yao waliona mabonde ya kijani, maji ya baridi na ukungu wa asubuhi, wakaipa nchi jina la Uswisi ya Afrika. Wengi walidhani kwamba wameisifu sana.

Sisi twaona sifa hiyo ni pungufu. Milima ya Alps ina vilele vipitavyo futi 15,000 na barafu isiyoisha. Usambara hupita kidogo tu futi 7,000, wala haina theluji. Lakini mawe ya Usambara ni ya kale mno, tena misitu yake ina miti na maua yasiyoonekana penginepo duniani. Hatuna haja ya kuazima jina kwa jirani wa mbali. Wenyeji wana maneno yao: Shambaai ni nchi ya juu, yenye migomba na mvua, nyika ni tambarare iliyo chini, yenye jua kali na homa. Msambaa wa zamani aliiogopa nyika kama mtu wa pwani aogopavyo baridi.

Hofu hiyo haikuwa ya bure, nasi twataka kueleza sababu yake, maana mna fundisho ndani yake. Katika mwaka 1897 na 1898 Robert Koch, tabibu mkuu wa Ujerumani, alikuwa katika nchi hizi akichungua homa ya malaria. Aliona kwamba watu wakaao juu katika Usambara ya magharibi hawaugui homa hiyo, ila wakishuka tambarare hurudi nayo. Alipowauliza sababu, walimjibu kwamba huko chini kuna wadudu waumao, nao huitwa mbu. Na ugonjwa wenyewe waliuita kwa jina hilo hilo, mbu. Katika Agosti ya mwaka 1897, huko Bara Hindi, Ronald Ross alikuwa ameona kwa darubini vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na dunia nzima ikastaajabu. Wazee wa Usambara hawakuwa na darubini. Walikuwa na njia ya kupanda na kushuka, na macho ya kuangalia nani aliyerudi mgonjwa.

Basi tuiangalie njia hiyo yenyewe, kwa kuwa ndiyo tutakayowapitisha watoto.

Kimweri alipokwisha kufa, katika miaka ya 1860, nchi iliharibika. Wakilindi, ukoo wa wafalme, waligombana wenyewe kwa wenyewe. Wabondei wa vilima vya mashariki waliwafukuza watawala wao. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini ya milima penye njia ya misafara, akapata bunduki na baruti. Mwenye kutaka habari hizi kwa urefu na azisome katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, kilichoanza kupigwa chapa Magila mwaka 1895. Mtunga kitabu aliwahi kuwa mwandishi wa Semboja, naye ayajua mambo kwa kuyaona. Sisi twasema neno moja tu: bunduki zilinunuliwa, na bei yake mara nyingi ilikuwa watu. Waume kwa wake, na watoto pia, walitekwa vijijini mwao juu milimani, wakateremshwa hata nyika, wakafuata mto mpaka Pangani, wakauzwa.

Tarehe 5 Juni mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa kusafirishwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Lakini biashara haikukoma kwa wino. Mashamba ya mikarafuu ya Pemba yalitaka watu, na kutoka pwani ya Pangani na Tanga mpaka Pemba si mbali. Majahazi yalivuka usiku. Wasomaji wetu wa pwani, waliokuwa na babu wa kusimulia, hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Wadachi walipoitawala nchi, watumwa waliokamatwa njiani au majahazini waliachwa huru. Mtu mzima aliweza kutafuta njia ya kwao, ama kujipatia kazi. Lakini mtoto je? Mtoto aliyetekwa angali mdogo hawezi kuitaja nchi yake ila kwa alama za kitoto: mto, mbuyu, nyumba ya shangazi. Ndipo Wakristo wa Ujerumani walipojenga makao ya watoto waliokombolewa, wakachagua mahali panapoitwa Lutindi, juu katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Makao hayo yalianza mwaka 1896. Walipachagua juu kwa sababu ya hewa njema, ili watoto na wenye kuwalea wasife kwa homa ya tambarare. Watoto walipelekwa huko, wakapewa chakula na nguo, wakafundishwa kusoma na kufanya kazi.

Tunapotafuta kundi la kwanza la watoto wa shule waliopandishwa milima ya Usambara kutoka chini, twawaona hawa. Nasi hatuwezi kuyasoma maneno yale ya Töpffer, ya vijana wanaocheka njiani na kushindana kufika kileleni, bila kuwakumbuka. Wanafunzi wa Geneva walipanda wakijua siku ya kushuka. Watoto wa Lutindi walipanda na hawakuwekewa siku. Njia ni ile ile iliyowateremsha wengine katika kamba; hawa waliipanda wakiwa huru, na mbele yao palikuwa na kitanda, lakini hapakuwa na mama. Hatusemi haya kwa kuwalaumu waliowapokea, kwani walitenda mema kuliko wengi wa siku zile. Twasema kwa sababu katika vitabu vya shule twakuta mara kwa mara picha ya kiongozi aliyewafungua watumwa minyororo, na habari huishia hapo, kana kwamba mnyororo ukikatika mtu amekwisha kufika nyumbani.

Miaka ilipopita watoto wa namna hiyo walipungua, na mwaka 1904 Lutindi ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili, ambao pwani na bara hawakuwa na mahali pa kutunzwa. Hata leo ni hospitali ya wagonjwa hao.

Sasa, mwalimu wa Tanga atakaye kuwapeleka watoto milimani wakati wa likizo, na aifuate njia hii kwa utaratibu. Huko Ulaya Juni na Julai ni kiangazi. Kwetu ni kipupwe, na mtoto wa pwani aliyezoea kulala na shuka moja atatetemeka. Lushoto iko juu yapata futi 4,500. Blanketi ni lazima. Wazazi wengine watauliza, mtoto aenda kutazama mlima, je, mlima utamlipia karo? Swali hilo tumelisikia mara nyingi, na jibu letu ni kwamba wazazi hao nao waalikwe.

Kwanza ni Muheza. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilikuwa imefika hapo tu watoto wa Lutindi walipoanza kupandishwa. Korogwe ilifika mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Karibu na Muheza iko Magila, na juu yake mlima Mlinga, ambao wazee wa Kibondei waliuheshimu sana. Watoto wasimame hapo wautazame vizuri, kama wale wa Yverdon walivyolitazama bonde lao. Wakifika Korogwe waonyeshwe mto Pangani, na mlango wa bonde la Lwengera ligawalo Usambara ya mashariki na ya magharibi. Bonde hilo ndilo lifaalo kufinyangwa kwanza, kwani sura yake ni rahisi: ukuta huku, ukuta huku, mto katikati. Udongo wa mfinyanzi tunao. Na watoto wetu hufinyanga ng'ombe na magari tangu hawajaanza shule, wala hawakufundishwa na Pestalozzi.

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni yapata maili 20 za kuzunguka-zunguka. Hapo Soni maji huanguka kwa kishindo, na watoto hawatakubali kuondoka upesi, wasiharakishwe. Mji wa Lushoto Wadachi waliuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, nao waliupenda kwa kukimbia joto la pwani. Hayo yatosha juu ya Wilhelmstal. Vuga yafaa ipewe siku nzima. Hapo pasomwe kwa sauti habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akawagawia watu nyama, wakamfanya mfalme wao. Na atafutwe mzee wa Kisambaa awaambie watoto majina ya vilima kwa lugha ya mahali. Kila mtoto aandike jina moja, asilisahau, na alitie katika mlima wake wa udongo atakaporudi.

Mwisho ni Lutindi. Wasiingizwe hospitalini kuwatazama wagonjwa, maana mgonjwa si tamasha. Wakae nje kimya, mwalimu awaambie habari za watoto wa mwaka 1896, waliokuwa wa umri wao. Kisha wale chakula, wahesabiwe, na gari literemke mpaka Korogwe. Na wazazi waambiwe mapema saa ya kuwangoja watoto wao Tanga.