Kwa Nini Handel Peke Yake? Historia Fupi ya Tamasha la Mtunzi Mmoja

Ukifungua ratiba iliyo katikati ya kijitabu hiki, utaona kwamba Jumamosi na Jumapili ya jubilii yetu zimebeba jina moja tu la mtunzi: George Frideric Handel. Tangu tuanze mazoezi tumeulizwa swali lile lile, tena na watu wanaotupenda. Kwaya ya Kenya yenye umri wa miaka 50 na nyimbo zake tele inawezaje kutumia siku mbili nzima kuimba kazi za Mjerumani aliyefia Uingereza mwaka 1759? Kamati ya jubilii iliona afadhali jibu liandikwe.

Jibu letu linaanzia barabarani. Karibu mwaka 1738, wanamuziki watatu walikuwa wamesimama katika mtaa wa Haymarket, London, wakawaona wavulana wawili wakiswaga punda wa kukamwa, kwa maana siku hizo maziwa ya punda yaliuzwa mjini. Walipowatazama vizuri waliwatambua. Walikuwa watoto wa Kytch, mpiga obo aliyewahi kusifika London nzima, kisha akafa maskini. (Obo ni chombo cha kupuliza, jamaa ya zumari yetu ya pwani.) Watatu hao waliwachangia wale watoto, kisha wakawaita wenzao, na kikaundwa chama cha kuwasaidia wanamuziki waliozeeka au kuishiwa, pamoja na wajane na yatima wao. Handel alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Alipofariki, wosia wake ulikiachia chama hicho pauni 1,000, ambazo kwa wakati ule zilikuwa mali.

Mtu huyu alizaliwa mjini Halle, Ujerumani, tarehe 23 Februari 1685. Baba yake, aliyekuwa kinyozi na mpasuaji wa wagonjwa kama ilivyokuwa desturi ya zama hizo, alitaka mtoto asomee sheria. Wazazi wa namna hiyo tunao hata hapa. Alifika London akiwa kijana, akapata uraia wa Uingereza mwaka 1727, akapanda na kushuka pamoja na biashara ya opera, na mwaka 1737 maradhi yakaulemaza mkono wake wa kulia kwa muda. Mwaka 1741, kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba, alitunga Messiah kwa maneno ya Biblia yaliyopangwa na rafiki yake Charles Jennens. Siku 24 tu! Sisi tumeifanyia mazoezi tangu Januari, na ukurasa wa Amina bado unatutoa jasho.

Kazi hiyo ilisikika hadharani mara ya kwanza mjini Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Ili watu wengi watoshe ukumbini, wanaume waliombwa waache panga zao nyumbani, na wanawake waje bila zile pete kubwa za kutanulia gauni. Takriban watu 700 waliingia. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: mawili kwa hospitali mbili za mji huo, na la tatu kwa watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Wafungwa 142 walilipiwa wakatoka. Haleluya tunayoizoea kila Krismasi, basi, iliimbwa kwanza majira ya Pasaka, na jioni hiyo ilifungua mlango wa gereza.

Haikuishia hapo. Kuanzia mwaka 1750 Handel aliiongoza kila mwaka katika kanisa la Foundling Hospital, makao ya London ya watoto walioachwa na wazazi wao, naye hakuacha hata macho yake yalipopofuka. Katika wosia aliwaachia makao hayo nakala ya muziki wote wa Messiah, ili waendelee kuchangisha kwayo akiwa kaburini.

Alizikwa Westminster Abbey, na ni humo, miaka 25 baadaye, kulikofanyika tamasha lililozaa matamasha ya namna hii yetu. Lilianza Jumatano tarehe 26 Mei 1784. Alhamisi jioni watu walihamia ukumbi wa Pantheon, na Jumamosi tarehe 29 wakarudi Abbey kusikiliza Messiah. Kuwakusanya watu siku baada ya siku kwa ajili ya mtunzi mmoja, tena aliyekwisha kufa, kwa kiasi hicho, lilikuwa jambo geni. Mfalme George wa Tatu alihudhuria. Kiingilio kilikuwa gini moja, yaani pauni moja na shilingi moja, na bado watu walisongamana kiasi kwamba siku mbili zaidi ziliongezwa, tarehe 3 na 5 Juni.

Charles Burney, mwanamuziki na mwanahistoria, aliandika kitabu kizima kuhusu siku hizo. Anahesabu wapigaji na waimbaji zaidi ya 500. Kati ya waimbaji, besi walikuwa 84, tenori 83, alto 48 na soprano 59, wengi wa hao soprano wakiwa wavulana. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye kila wiki hutafuta tenori kwa tochi, amezisoma tarakimu hizo mara mbili. Hakuna aliyesimama mbele kupunga mikono. Joah Bates aliongoza akiwa ameketi penye kinanda, na vibonye vyake viliunganishwa kwa vyuma na kinanda chenyewe kilichokuwa umbali wa kama futi 19.

Wenyewe waliamini wanaadhimisha miaka 100 tangu Handel azaliwe. Kaburi lake lina mwaka 1684, kwa kuwa zamani Waingereza waliuanza mwaka mpya tarehe 25 Machi, na Februari ya 1685 kwao ilikuwa ingali 1684. Kwa hesabu yetu ya leo walisherehekea mwaka mmoja mapema. Wazee wetu waliobishana wiki nzima kama kwaya hii ilianza siku ya mazoezi ya kwanza au siku ya kuvaa sare, wasione haya.

Baada ya gharama, pauni 1,000 zilikwenda Westminster Hospital. Pauni 6,000 zilikwenda kwa kile chama kilichozaliwa kwa sababu ya watoto wa Kytch.

Matamasha yakaendelea na kunenepa. Mwaka 1791 waimbaji na wapigaji wa Abbey walitangazwa kuwa zaidi ya 1,000, na Joseph Haydn, aliyekuwa mgeni London, aliguswa mno. Alirudi kwao Austria na baadaye akatunga The Creation. Mwaka 1859, katika jengo la vioo la Crystal Palace, waimbaji peke yao walizidi 2,000. Tamasha la hapo lilirudiwa, kwa kawaida kila baada ya miaka mitatu, hadi 1926. Kwa maoni yetu huko kulizidi. Muziki aliouandikia kundi dogo la Dublin hauwi mtamu zaidi kwa kuimbwa na watu wa kujaza uwanja, na ndiyo sababu hatukualika kwaya 20 kutusindikiza, ingawa tulishauriwa hivyo.

Lakini umati ule ulituachia kitu tunachokishika mikononi. Waingereza wa kawaida waliojaza kwaya hizo hawakuwa na fedha za walimu wa muziki. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich alikuwa amebuni njia ya kusomesha watoto kuimba kwa silabi, na kuanzia mwaka 1841 mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza kwa ajili ya shule za Jumapili na watu wa kipato cha chini. Hiyo ndiyo solfa: do, re, mi. Messiah nzima ilichapwa kwa solfa, na wamishonari wakaibeba njia hiyo hadi Afrika. Karatasi zetu za wikendi hii zimeandikwa kwa solfa vilevile.

Lipo jambo jingine, nalo lilitaka kuivunja mipango yetu mwezi Machi. Vitabu vya hesabu vya wakati ule vinaonyesha kwamba Handel aliwahi kununua hisa za Royal African Company, kampuni iliyouza Waafrika utumwani. Wapo miongoni mwetu waliosema mtu huyo asiimbwe hapa, na maneno yao hayakuwa mepesi. Wengine walisema maneno ya Messiah ni ya Isaya na ya Zaburi, si ya Handel. Hatukupatana kabisa. Tulikubaliana kuimba, na kuliandika jambo hili hapa ili asiwepo atakayesema lilifichwa. Mwenzetu mmoja wa besi amechagua kuketi nanyi Jumamosi badala ya kuimba, msalimieni.

Kuhusu fedha hatukubishana. Wako waanzilishi wa kwaya hii ambao sauti zao zilijenga nusu ya paa mnalokaa chini yake, kwa harambee na kaseti, na leo hawana nauli ya kwenda kliniki. Wawili tuliwazika mwaka jana kwa mchango wa haraka haraka. Kikapu cha Jumamosi, kilicho mlango wa kulia, ni cha mfuko wao, na mweka hazina atasoma jumla yake Jumapili kabla ya Haleluya. Tunaanza saa nane kamili mchana. Tafadhali zimeni simu.