Posho, Chungu na Moto Mdogo: Historia ya Mchuzi wa Ng'ombe Malemba-Nkulu

Wataalamu walioshughulikia Kiswahili cha Katanga, tangu Edgar Polomé katika miaka ya 1960 hadi Johannes Fabian aliyemfuata, wametazama zaidi sarufi, mgodi na dini. Jiko halikupata uzito uleule. Hata hivyo, msamiati wa jikoni una mengi ya kumfundisha mwanahistoria. Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili sanifu, akisikia huko Katanga kwamba mboga ya leo ni nyama ya ng'ombe, huenda akadhani msemaji amekosea, kwa kuwa kwake yeye mboga ni majani. Kwa Wakatanga mboga ni chochote kinachosindikiza bukari, yaani ugali: kiwe sombe, samaki, maharagwe au nyama. Neno kitoweo, ambalo watu wa pwani wangelitumia hapo, halikushika mizizi. Makala haya yanachunguza mchuzi mmoja tu, ule wa nyama ya ng'ombe iliyotokota kwa saa nyingi juu ya moto mdogo, katika Malemba-Nkulu, mji ulio kando ya mto Lualaba katika jimbo la Haut-Lomami. Hoja yake ni kwamba namna ya kupika ni ya kale sana mahali hapo, bali ng'ombe mwenyewe ni mgeni wa karne ya ishirini, aliyeletwa na mshahara.

Tuanze na chungu, kwa maana ndicho chenye ushahidi ulio wazi. Bonde la Upemba, ambamo Lualaba hupita kati ya maziwa na vinamasi, ni miongoni mwa maeneo ya Afrika ya Kati yaliyochimbwa vizuri zaidi na wanaakiolojia. Jacques Nenquin alichimba Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957, akafuatwa na Jean Hiernaux mwaka 1958. Mwaka 1974 Pierre de Maret alirudi Sanga na kuchimba Katongo pia. Mwaka uliofuata alichimba Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu penyewe. Makaburi ya utamaduni wa Kisale, hasa yale ya tangu karne ya kumi hadi ya kumi na tatu hivi, yalijaa vyungu. Wafu walizikwa na vyombo vya kula, na pamoja navyo majiko madogo ya udongo yenye vishikio vitatu vya kutegemeza chungu. Jiko la namna hiyo lilibebeka. Mvuvi aliweza kulipakia mtumbwini na kupika akiwa majini.

Jambo hili si dogo. Jiko la kubebeka halichukui kuni kubwa. Hutumia makaa machache, na makaa machache hayatoi moto wa kuunguza. Hutoa joto la pole linalodumu. Anayepika kwa jiko kama hilo hulazimika kungoja, apende asipende. Mifupa iliyopatikana makaburini ni ya samaki zaidi, na ya mbuzi na kuku. Ng'ombe hakuwa na nafasi katika chakula cha watu wale, na sababu yake inajulikana: mbung'o. Mabonde yenye maji na vichaka ni makazi ya mbung'o, naye hueneza ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe. Mbuzi wa kienyeji na kuku waliweza kuishi hapo; kundi la ng'ombe halikuweza.

Mapokeo ya Waluba yanaafiki ushahidi huo wa udongo. Katika masimulizi ya asili ya ufalme, Nkongolo Mwamba ni mfalme anayekula na kulewa hadharani, mbele ya macho ya kila mtu. Mbidi Kiluwe, mgeni atokaye mashariki, hukataa kula akitazamwa, na ndiye anayeleta adabu ya ufalme ambayo mwanawe Kalala Ilunga ataisimamisha. Tangu hapo mulopwe alikula peke yake, na moto wa jiko lake ulikuwa na miiko yake. Inafaa kukumbuka kwamba Mbidi ni mwindaji. Nyama yenye heshima katika simulizi hilo ni ya mwituni. Ng'ombe hana mchezo humo.

Kiswahili kilifika kabla ya ng'ombe. Verney Lovett Cameron alipoingia nchi ya Urua mwaka 1874, alimkuta mfanyabiashara Juma Merikani amekwisha kuweka makao karibu na mji wa mfalme Kasongo Kalombo. Misafara ya pwani ilikuja na maneno yake, na mojawapo lilikuwa posho, yaani chakula au vitambaa vya kununulia chakula alivyopewa mpagazi kwa siku za safari. Neno hilo halikufa misafara ilipokufa. Lilingoja tajiri mwingine.

Tajiri huyo alikuwa kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Maelfu ya vijana waliokusanyika kambini hawakuwa na mashamba, hivyo ilibidi walishwe. Nyama ilitafutwa mbali. Wafanyabiashara, wakiwemo ndugu wa ukoo wa Susman, walinunua ng'ombe Bulozi, katika magharibi ya Zambia ya leo, na kuwaswaga hadi Katanga, mpaka homa ya mapafu ya ng'ombe ilipolipuka Bulozi mwaka 1915 na kuifunga biashara hiyo. Katika miaka ya 1920 makampuni ya ufugaji yalianza kufuga katika nyanda za juu za Katanga, ambako baridi na upungufu wa vichaka vilimpunguza mbung'o. Elevakat, iliyofuga katika uwanda wa Biano, ndiyo inayokumbukwa zaidi.

Vifo vya wafanyakazi katika miaka hiyo ya mwanzo vilikuwa vingi mno, na madaktari wa kampuni walijua kwamba lishe duni ilichangia. Kuanzia mwaka 1928 hivi Union Minière ilifuata siasa ya kumtuliza mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto wake, na mke akawa na posho yake, na watoto yao: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta ya mawese, chumvi, samaki na nyama. Hapa ndipo nyama ya ng'ombe ilipoingia katika chungu cha Mluba wa kawaida. Aliipata kwa sababu mumewe alikuwa na namba ya kazi. Posho haikuwa ukarimu. Ilikuwa sehemu ya ujira, nayo ilimfunga mtu kambini kama mkataba wenyewe.

Nyama ya posho si lazima iwe laini. Muundi, shingo na mbavu za ng'ombe aliyekomaa zina kano nyingi, na kano hazishindwi kwa moto mkali. Moto mkali huzikaza. Zikikaa saa tatu au nne katika maji yanayotokota kwa shida, huyeyuka na kuupa mchuzi uzito wake. Mwanamke aliyetoka bondeni hakuhitaji kufundishwa hilo. Alikuwa amelijua kwa mbuzi mzee na nyama ya mwitu. Alichukua mbabula, jiko la makaa lililotobolewa katika kopo au pipa la bati, ambalo kwa kazi yake ni ndugu wa jiko la udongo la Kisale. Akakaanga vipande katika mawese, akatia kitunguu, nyanya na pilipili, akaongeza maji kidogo kidogo, akafunika, kisha akayavika makaa majivu ili yasikimbie. Vitunguu na nyanya vilizoeleka pia kupitia majiko ya Wazungu, ambamo wapishi Waafrika walifanya kazi. Si ajabu kwamba historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili na Wakatanga wenyewe, Vocabulaire ya Élisabethville iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965, ilitoka kwa waliokuwa watumishi wa nyumbani. Wanaume hao waliijua serikali kwa kuanzia mlango wa jikoni.

Njia ya kurudi Malemba-Nkulu ilikuwa reli na mto. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka hapo meli za Lualaba ziliteremka kupita bonde zima. Aliyerudi likizoni alishuka na sufuria, maneno ya kambini na ladha ya kambini. Mchuzi wa ng'ombe ukawa chakula cha arusi, cha matanga na cha kumpokea mgeni, yaani chakula cha siku ambayo mtu anataka ionekane kwamba ana mtu wake mjini. Siku nyingine ziliendelea kuwa za samaki, kama ilivyokuwa tangu enzi za Sanga.

Baada ya Union Minière kutaifishwa mwanzoni mwa 1967, Gécamines iliyorithi migodi iliendeleza posho. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na uzalishaji kuanguka, posho ilianguka nao, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wengi walirudi vijijini mikono mitupu, wakati vita vya Mai-Mai vikiwa vimeikumba wilaya ya Malemba-Nkulu na kufagia hata mbuzi na kuku. Kwa hiyo wanaposema wazee kwamba zamani watu walikula nyama, zamani hiyo ina tarehe. Si zamani ya mababu, ni miaka sitini hivi ya posho, na anayeiita desturi ya asili anafuta bila kujua jasho lililoilipia.

Nchi za mbali zimeunda chombo cha kufanya kazi ya majivu. Irving Naxon wa Chicago alipata hataza ya chungu chake cha umeme mwaka 1940, na kampuni ya Rival ikakiuza kwa jina la Crock-Pot tangu 1971. Mwaka 1982 nyaya za umeme kutoka Inga zilikamilika hadi Kolwezi, zikiwa na urefu wa kilomita 1,700 na zaidi, kwa ajili ya migodi. Zilipita juu ya vijiji visivyo na taa. Malemba-Nkulu moto mdogo bado ni wa makaa, na mpishi anayeufunika majivu jioni huuita mchuzi wake mboga.